Baketi ya Kubadilishwa na Mtu Mmoja

Hapakosi kijana wa kunijia hapa nyumbani na simu mkononi. Amenunua katrekta, au anakaribia kununua, kenye mikono ya loda mbele, ile ya kuchotea na kuinulia mzigo, na sasa anataka nitazame picha nimwambie mtambo gani wa kushikia baketi ndio mzuri: wa pini, wa ndoano, au ule unaojifunga kwa presha ya mafuta. Mnaniuliza kama watu wanaochagua viatu. Nimechoka kulijibu swali hilo kwa mdomo, maana nikilijibu vizuri mchana wote unaisha na chai inapoa, na nikilijibu kwa kifupi mnakwenda kununua upuuzi. Kwa hiyo naandika mara moja, kila mtu ajisomee. Mwisho wake si mzuri. Shemeji yangu Nzioka alikufa chini ya baketi tuliyoichagua kwa makini kabisa ili isiumize mtu. Kama hamtaki habari za kifo, nendeni mkamsikilize muuzaji, yeye huwa na habari njema tupu.

Trekta ninayoisema ilikuwa ya kikundi chetu kule Mwala, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Tulikuwa tukijenga mabwawa ya mchanga. Unaziba mto mkavu kwa ukuta wa mawe, mvua ikija inaleta mchanga, na ule mchanga unatunza maji tumboni mwake mpaka kiangazi. Wengi wetu walikuwa akina mama. Kazi ilikuwa ya mwethya, yaani ile desturi ya kwetu ya watu wote kutoka pamoja, leo kwako, kesho kwangu, na nyimbo juu yake. Kanisa fulani la ng'ambo likatuletea trekta ndogo ya mtumba ije ibebe mawe na mchanga, nami nikafanywa dereva kwa kuwa ni mimi pekee niliyewahi kushika usukani. Nilikuwa nimeendesha trekta kwenye shamba la mkonge tangu ujana wangu.

Loda ilikuja na vitu viwili, baketi ya mchanga na uma wa kubebea mawe. Kutoa kimoja na kuweka kingine ilikuwa shughuli ya pini nne nene, mbili kwenye mikono ya loda na mbili kwenye silinda zinazopindua baketi. Kila pini sharti ipite kwenye matundu yaliyopangana sawasawa. Na matundu, vijana wangu, hayapangani. Ukiyapata ya kushoto, ya kulia yameshahama. Ukiyafuata ya kulia, ya kushoto yanakucheka. Unagonga nyundo, unapaka grisi, unatukana kimoyomoyo kwa sababu akina mama wa kanisa wamekuzunguka.

Hapo ndipo penye jambo ambalo waliotuletea trekta hawakulijua. Kwetu mtu hasimami na mikono mgongoni huku mwenzake anafanya kazi. Ni aibu, na aibu hiyo inamfuata hadi mama aliyemzaa. Kwa hiyo kila niliposhuka kubadilisha baketi, watu waliweka karai chini wakaja. Kumi, kumi na wawili, wote wameshika chuma kimoja. Huyu anasukuma, yule anavuta, wawili wanabishana, na mmoja ameanzisha wimbo. Siku moja mzee fulani alikosa nafasi ya kushika baketi, akanishika mimi kiunoni ili naye awe amesaidia. Nilimwacha anishike. Ningefanya nini?

Siku tuliyoacha kucheka, mke wangu Syombua alikuwa upande wa kulia. Aliona pini haiingii, akataka kunisaidia kujua kama matundu yamepangana, akaingiza vidole viwili kupapasa. Mnisikie hapa hata kama hamtasikia kwingine. Tundu la chuma huchunguzwa kwa chuma, kwa msumari au kwa ncha ya mtaimbo, kamwe si kwa nyama. Lakini nani angemwambia? Yeye alikuwa msukaji wa vyondo, vikapu vya kwetu. Tangu utotoni vidole vyake ndivyo vilivyokuwa macho yake. Wimbo ukafika mahali pa kuitikia, na watu wakasukuma wote kwa pamoja kama walivyozoea kusukuma jiwe. Syombua alisema "Asi" kwa sauti ndogo tu, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Tukarudisha baketi nyuma, na vidole vile viwili havikurudi naye.

Mama Katunge, mwenyekiti wetu, aliita mkutano chini kwenye mchanga wa mto. Alikuwa mwanamke mfupi asiyependa hotuba.

"Kitu ya kwanza," akasema, "trekta haturudishi. Kitu ya pili, mkono ya mtu isiingie hapo tena. Dereva, wewe utatafuta njia."

Nzioka akasimama. Alikuwa kaka yake Syombua, mtu wa mzaha mwingi, baba wa watoto watatu, lakini siku hiyo hakuwa na mzaha. "Mimi naenda na yeye," akasema. "Hiyo mkono ni ya dada yangu."

Tukaenda Athi River kwa Mzee Ngila, fundi aliyenifunza kazi kule kwenye mkonge na ambaye sasa alikuwa na yadi ya vyuma vikuukuu nyuma ya viwanda. Mzee Ngila alifundisha kwa ukali. Ukiacha spana chini, uliikuta usiku kitandani mwako, imepakwa grisi. Mimi nilijifunza haraka, kwa sababu blanketi nilikuwa nalo moja. Aliposikia habari za vidole hakusema pole. Alichukua kipande cha chaki akachora sakafuni mitambo mitatu, kisha akatuzungusha yadini kutuonyesha aina zake.

Wa kwanza ulikuwa wa ndoano za kampuni iliyotengeneza trekta yenyewe. Mzuri, mwepesi, unaikalisha baketi karibu na trekta, kwa hiyo nguvu ya kuinua haipungui. Ubaya wake ni kwamba kila baketi na kila uma sharti vitoke kwa kampuni ileile, na kampuni ileile iko mbali na Mwala kuliko mbingu. Mzee Ngila akauliza, "Sasa hiyo ikivunjika, utapeleka kwa nani? Fundi wa Masii anaweza chomelea hiyo?" Fundi wa Masii, mji wa jirani na kwetu, alikuwa mtu wa kuchomelea mageti.

Wa pili ulijifunga kwa presha ya mafuta. Dereva anabaki kitini, anasukuma leva moja, pini zinatoka zenyewe. Nzioka aliupenda kama mtoto anavyopenda baiskeli. "Hii hata kushuka hushuki!" akasema. Mzee Ngila akamwonyesha zile paipu mbili za ziada zinazopita mbele, mahali ambapo mawe ya mto yangezikata ndani ya juma moja. Halafu akasema jambo ambalo nawaachia bila kuongeza chumvi: dereva asiyeshuka hajui nini kimefunga na nini hakijafunga.

Wa tatu ulikuwa wa bamba. Mbele ya loda unawekwa ubao wa chuma, mdomo wake wa juu unaingia chini ya ukingo wa baketi na kuibeba, halafu kila upande kuna leva ya mkono inayoshusha pini moja kupitia tundu la chini. Ni mzito. Unaisogeza baketi mbele kidogo, kwa hivyo loda inainua mzigo mdogo kuliko zamani, na muuzaji hatawaambia hilo. Lakini umbo lake ni la kawaida, na fundi yeyote mwenye mkono mtulivu anaweza kuchomelea mgongo wake kwenye kitu chochote, baketi, uma, hata sepetu ya kusawazisha barabara. Tuliuchagua huo. Mkiniuliza leo nitawaambia huohuo. Kwa upande wa chuma hatukukosea, na nataka mlijue hilo kabla sijaendelea.

Matumizi yake ndiyo haya, shikeni. Kabla ya kuingia, safisha mdomo wa chini wa bamba, kwa sababu mchanga ukijaa pale pini haipiti. Ingia na bamba limeinama mbele kidogo, likamate baketi juu, inua kidogo, vuta baketi nyuma ikae. Zima, shuka, teremsha leva zote mbili. Leva kulala si ushahidi. Inama pembeni uone kwa macho yako pini zote mbili zimechomoza chini. Halafu rudi kitini, kandamiza ncha ya baketi ardhini mpaka magurudumu ya mbele yawe mepesi. Isipobanduka, fanya kazi. Na kama haijafungwa, usiipindue mbele hata kidogo, kwa sababu kinachoishikilia ni ule ukingo wa juu peke yake.

Siku tuliyoileta, kikundi kizima kilikuja kutazama. Mama Katunge alikuwa ameniambia nichore mstari kwenye mchanga kwa kisigino, na mtu asiuvuke. Nilipewa pia filimbi, ile ya mwalimu wa michezo. Nikaingia, nikakamata baketi, nikashuka, leva ya kushoto, leva ya kulia, nikakandamiza, kwisha. Aliyeanzisha wimbo hakufika ubeti wa pili. Vigelegele vilipigwa mpaka punda wa watu wakakimbia. Nzioka akanibeba mgongoni, mtu mzima na akili zangu.

Syombua alikuwa nyuma ya mstari na mkono wake umefungwa kitambaa. "Na sisi tufanye nini sasa?" akauliza.

"Nyinyi mupumzike," Mama Katunge akamjibu, na watu wakacheka kwa furaha. Hakuna aliyeona ubaya. Mimi nilifurahi kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nimeona vidole vya mke wangu.

Majuma ya kwanza ilikuwa taabu kuwazuia. Walisimama kwenye mstari wakijikunakuna, hawajui mikono waiweke wapi. "Dereva, tunaona haya kukuangalia tu," waliniambia. Nilipuliza filimbi. Kuna mama niliyemfukuza mara tatu kwa asubuhi moja, na mara ya tatu nilimfokea, akalia. Walijifunza. Kwanza walihamia ng'ambo ya mto wapasue mawe ili wasinione. Baadaye wakaona hakuna maana ya kuja siku ya mchanga, maana siku ya mchanga ni ya trekta. Tukagawa: siku za watu na siku za mashine. Ilikuwa busara tupu. Mashamba yao yalipata palizi, watoto walipata uji kwa wakati. Hakuna aliyegoma na hakuna aliyekuwa mvivu. Mto tu ndio ulianza kuwa kimya, ukiondoa sauti ya injini.

Nzioka nilimfundisha mwenyewe, na kusema kweli alinipita. Alikuwa mwangalifu. Mkimsikia mtu yeyote akisema alikuwa na pupa, mwambieni hakumjua. Mgongo wangu ulipoanza kukataa kiti cha trekta, siku nyingi za mchanga alizifanya yeye. Akitoka asubuhi alipitia kwetu kumchokoza dada yake, anamwomba chai iliyobaki, anamwambia yeye ndiye mume wa trekta na kwamba trekta haimgombezi.

Siku yenyewe nilikuwa nimelala kwenye mkeka barazani, mgongo umenilaza. Bonde letu linaleta sauti. Tangu mchana niliisikia trekta mtoni, injini inanguruma polepole, haipandi, haishuki. Syombua alikuwa akipepeta mahindi. Akasimama akasikiliza, akasema, "Leo kaka anafanya kazi sana." Nikamwambia ndiyo. Majirani nao waliisikia, kila mmoja shambani kwake, na kila mmoja baadaye aliniambia maneno hayohayo: tulisikia trekta, tukajua kazi inaendelea. Ilinguruma mpaka jua likaanza kushuka, halafu ikanyamaza. Tukasema amemaliza.

Dizeli ndiyo iliyokuwa imemaliza. Mchungaji wa ng'ombe aliyekuwa akiwapeleka kunywa maji ndiye aliyemkuta.

Tulichokikuta kinaeleweka hata na mtu asiyejua mashine, lakini nawaeleza. Alikuwa ametoa uma, anaweka baketi. Mchanga ulikuwa umelowa, umejipakia kwenye mdomo wa bamba mpaka umekuwa kama saruji. Leva ya kulia ilikuwa imefunga vizuri juu juu, pini haikufika chini. Ya kushoto ilikuwa imekwama nusu. Aliona. Macho yake yaliona, kama nilivyomfundisha. Akainua baketi apate nafasi ya kuutoa ule mchanga, akaipindua mbele kidogo apate mwanga, akaingia chini na nyundo. Nyundo ilikuwa pale karibu naye. Aligonga, na ule ukingo wa juu ukaachilia.

Haikumpiga kichwani. Ingempiga kichwani ningeandika kwa mkono mwepesi zaidi. Ilimwangukia nyongani ikamlaza kwenye mchanga, na yeye alikuwa hai. Mchanga ulikuwa umechimbwa kulia na kushoto kwake, umechimbwa kwa vidole, kote ambako mikono yake ilifika. Tulifika watu wanne pale. Nilisahau mgongo wangu. Tuliiinua ile baketi na kuiweka kando bila hata mmoja wetu kusema "haya." Watu wanne tu. Zamani ile ingenyakuliwa na kumi na wawili kabla vumbi halijatua, na yule mzee angenishika kiuno.

Walikuja polisi, na baadaye akaja mtu wa wale waliotuletea trekta. Niliwaonyesha leva, nikawaonyesha pini. Wakasema mashine haikuwa na kosa, dereva alipindua kabla ya kufunga. Ni kweli. Hata mimi ndivyo ningeandika. Nilisimama pale nikawaitikia, na moyoni nilikuwa na hasira ambayo sikujua nimpe nani. Ningempa nani? Mstari ule ulizuia vidole vya watu wengi kukatwa. Tuliuchora kwa sababu nzuri. Tulitafuta chuma kisichohitaji watu, tukakipata, kikafanya kazi yake sawasawa.

Basi nunueni mtambo wa bamba. Safisheni mdomo wa chini, muone pini kwa macho, mkandamize kabla ya kuinua, na mtu asiingie chini ya kitu kinachoning'inia hata kama ameweka nia njema kiasi gani. Shusha chini kwanza, ukwangue ikiwa ardhini. Hayo yote muuzaji mwema atawaambia. Langu ni hili: siku ya kubadilisha baketi awepo mtu wa pili, nyuma ya mstari, asiyefanya kitu chochote. Kama ni mtu wa kwetu ataona haya. Ataomba apewe hata kitambaa afute kiti. Mkatalieni. Asimame pale na haya zake.

Nimebakiza jambo moja, na sijawahi kulisema kwa yeyote kati yenu. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Tangu nimwoe Syombua, sikuwahi kusimama karibu na mama yake kiasi cha kushikana mikono. Salamu zangu zilipitia kwa mke wangu, na zake zilirudi njia hiyohiyo. Siku ya kumzika Nzioka yule mama alipita katikati ya watu, akaja mpaka nilipokuwa nimesimama na wanaume, akanishika shati kifuani kwa mikono yote miwili. Watu wakaangalia chini.

"Alikuwa na nani?" akaniuliza.

Nikaanza kumweleza. Mchanga uliolowa, leva ya kushoto, ukingo wa juu. Maneno yaleyale niliyowapa polisi.

Akanitikisa. "Sikuulizi chuma. Mtoto wangu alikuwa na nani?"

"Alikuwa peke yake, mwaitu, mama yangu."

"Peke yake namna gani, na watu wote wako hapa?"

Aligeuka akawatazama mmoja mmoja, wote waliokuwa wamejaa ule uwanja mpaka kwenye ua wa jirani, kisha akaniachilia shati, akaketi chini palepale mbele ya miguu yangu.